Mtego wa Tisa

Mwanangu Ramazani,

Kosa la watu wengi wanaokwenda msituni kujifunza uwindaji ni kudhani kwamba ufundi wote uko katika kutega. Huuliza nguruwe hupita wapi, kamba hukazwa namna gani, chuma hunolewa kwa jiwe lipi, na wakishayashika hayo hujiona wamehitimu. Kutegua hawakuulizii. Huona ni kazi ya kufungua tu, kama kuvua viatu mlangoni. Mimi nilifanya kosa hilo. Kwa kosa hilo mtu alikufa, na mtu mwingine ameishi miaka yote hii akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Huyo wa pili ndiye unayekwenda kuishi kwake kesho.

Nakuandikia baada ya sala ya alasiri. Wewe uko sokoni unatafuta boti za mpira, na mama yako anakukunjia nguo chumbani. Mambo ya chandarua, chumvi, dawa ya malaria na betri za tochi amekwisha kukuambia mara tatu, sitayarudia. Nakuomba tu usome mpaka mwisho bila kuruka. Najua mnanicheka hapa nyumbani kwamba ukiniuliza saa nitaanza kukueleza jinsi saa inavyotengenezwa. Leo maelezo yana kazi. Usipojua mtego ule ulivyokuwa, hutajua nilifanya nini.

Nusu ya habari unaijua. Unajua kwamba wakati wa vita tulikimbia kutoka Kasongo, dada yako Mwajuma akiwa mgongoni kwa mama yako, na kwamba tuliingia msitu wa upande wa Kabambare, mbele ya mahali paitwapo Wamaza. Nilikuwa mwalimu kijana. Nilikuwa na shati mbili, Kurani ndogo ya marehemu babu yako, daftari moja na kalamu mbili. Nilidhani msitu ni shamba lisilolimwa: ukitafuta utapata chakula. Siku ya sita tulikuwa tumekaa kando ya kijito, mama yako ameshika kiazi cha porini tulichokichimba, anakimenya kwa kucha. Mtu akatokea nyuma yetu bila sauti, akampokonya kile kiazi kabla hata ya kutusalimia, akakitupa majini.

"Hii munakula leo," alisema, "kesho miye natafuta jembe ya kuwazika."

Huyo alikuwa Mzee Lukamba. Wakati ule hakuwa mzee bado, alikuwa na miaka hamsini hivi, mfupi, kifua kipana, meno mawili ya mbele hayapo. Baadaye alimwonyesha mama yako namna ya kukilaza kiazi hicho kwenye maji yanayotiririka, siku tatu, mpaka uchungu wake umalizike, na tukakila sana. Lakini siku ile alituongoza tu mpaka kambini kwake, na hatukutoka huko mpaka misimu miwili ya mvua ilipopita.

Sijawahi kuwa na mwalimu kama yule. Mimi nilifundishwa na wazungu wa misheni, nikafundishwa na maprofesa, lakini wote walinifundisha kwa kusema. Yeye alikuwa akitembea, na mimi nyuma yake, na akisimama nilipaswa kujua amesimama kwa nini. Nisipojua, alingoja. Angeweza kungoja muda wa kupika ugali. Nikikosea alicheka. Siku moja niliinama juu ya nyayo fulani kwenye matope, nikazitazama kwa muda mrefu sana, na yeye akasema nyuma yangu, "Mwalimu, iko ya nguruwe ao iko ya inspekta? Maana naona unaogopa."

Alinifundisha kuwasha moto siku za mvua kwa utomvu mkavu wa mti wa mpafu, ule unaowaka hata ukiwa umelowa. Alinifundisha kusuka mgono wa samaki, mdomo wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, na kuutega mahali maji yanapogeuka. Alinifundisha kulala mahali siafu wasipopita. Nilipopotea mara ya kwanza nilikimbia huku na huku mpaka nikavunjika ukucha wa mguu, na waliponipata alinikemea kwa neno moja tu: kaa. Mtu aliyepotea akikaa, wenzake wanamtafuta mahali pamoja. Akikimbia, wanatafuta watu kumi. Hilo utalisikia kwake tena.

Alikuwa na mtoto wake wa kiume, Yohana, mwenye umri kama wako wa sasa. Nataka umjue Yohana kabla hujafika kule, kwa sababu kwao watu hawamtaji sana. Alikuwa mrefu kuliko baba yake, na hakuweza kukaa kimya, jambo ambalo kwa mwindaji ni ugonjwa. Alimbeba Mwajuma mabegani kutwa nzima. Mwajuma aliota meno kambini pale, na aliyegundua jino la kwanza ni Yohana, kwa sababu lilimng'ata sikio. Alijaribu kunifundisha kumwita paa kwa kubana pua, na akakata tamaa. Aliwaambia wote kambini kwamba Mwalimu anaita paa kama anavyoita wanafunzi kwenye mstari, na kwamba paa wa msitu huu hawakusoma, kwa hiyo hawatakuja. Alikuwa ameoa miezi michache kabla. Mke wake alikuwa kijijini kwa wazazi wake, na kila alipopata nyama iliyokauka vizuri, Yohana alimpelekea.

Sasa mtego. Kuna mitego ya kamba kwa wanyama wadogo, na hiyo hainihusu leo. Kwa nguruwe, ambao waliliwa na wenyeji wetu wala si sisi, Mzee Lukamba alitumia gogo zito, refu kama mtu, lenye chuma kilichochongoka mwishoni, likaning'inia juu ya njia ya mnyama. Kamba yake ilishuka mpaka kwenye kijiti kidogo, na kutoka kwenye kijiti hicho uzi mwembamba ulivuka njia kwa urefu wa goti la mbwa. Mnyama akiugusa ule uzi, gogo linashuka. Halichagui. Kwa sababu hiyo wawindaji wa kule wana desturi mbili, na ukitaka kumjua mtu kama ni mwindaji au ni mwuaji tu, angalia desturi hizo.

Ya kwanza ni alama. Hatua kumi kabla ya mtego, pande zote mbili za njia, unakunja tawi bichi na kugeuza majani yake, mgongo uwe juu, rangi ile nyeupenyeupe ionekane. Kila mtu wa kule, hata mtoto, akiona majani yaliyogeuzwa anaacha njia na kuzunguka. Lakini majani hunyauka. Baada ya siku tatu au nne yanakuwa majani makavu kama mengine. Ndiyo sababu mwenye mtego lazima aurudie, hata kama hana haja ya nyama, aweke alama mpya. Nilimwuliza kwa nini wasitumie kitu kinachodumu, kitambaa au kibao. Alisema kitambaa kingewafanya wavivu: mtego ungekaa mwezi mzima bila mtu kuutembelea. Alama inayokufa inamlazimisha mwenyewe arudi.

Ya pili ni ukamba. Mzee Lukamba alivaa shingoni ukamba mwembamba aliousokota mwenyewe kwa magome ya mti. Kila alipotega, alifunga fundo moja pale pale, kabla hajaondoka. Kila alipotegua, alifungua fundo moja pale pale, akiwa amesimama juu ya mtego uliokufa. Hakufungua akiwa njiani, wala kambini. Siku ya kuhama kambi ukamba lazima uwe umenyooka kabisa, na mkubwa wa kambi anaupitisha kati ya vidole, ukamba wa kila mtu, ndipo mnaondoka.

Mimi sikuvaa ukamba. Nilikuwa na daftari. Nilichora ramani ya njia, vijito na miti mikubwa, nikaiwekea mitego namba, na nilipotegua niliweka alama ya vema kando ya namba, kama ninavyosahihisha kazi za wanafunzi. Nilijivuna sana kwa daftari lile. Naye, mwanangu, alijivuna nalo kuliko mimi. Hakujua kusoma. Wageni wakifika kambini aliniambia nilitoe, akawaonyesha kwa kidole: hapa mto, hapa njia ya Mwalimu, hapa mitego. Siku moja aliniambia, "Weye unaandika, miye nafunga. Ya kwangu inaweza kukatika. Ya kwako hapana."

Mwishoni mwa msimu wa pili nilikuwa na mitego tisa. Nilijua kuitega vizuri kiasi kwamba Yohana alipopita hakuweza kutofautisha wangu na wa baba yake: kukata gogo kule kule, kuzungusha kamba kule kule, kumalizia fundo upande ule ule wa kushoto. Nilikuwa nimejifunza mkono wake wote. Likumbuke hilo, maana ndilo lililoniokoa mimi na kumwangamiza yeye.

Habari zilianza kuja kwamba njia ya kurudi Kasongo imetulia. Mzee aliagiza mitego yote iteguliwe kabla hatujaamua lolote. Nilitoka asubuhi, nikategua minane. Wa tisa ulikuwa ng'ambo ya kijito kimoja, na mvua ilikuwa imenyesha kule juu, maji yamejaa, yanakokota matawi. Nilisimama pale. Ningeweza kuzunguka mpaka kwenye gogo la kuvukia, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Nilikuwa nimechoka. Mwajuma alikuwa na homa tangu jana yake. Nikajiambia maji yatapungua, nitakuja kesho asubuhi. Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikatoa daftari, na nikaweka alama ya vema kwenye namba tisa.

Nimejiuliza mara nyingi mkono wangu ulifanya vile kwa nini. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilipenda tu kuona ukurasa umekamilika. Ni ugonjwa wa walimu: kazi ikiandikwa imefanyika, tunaona imefanyika.

Kambini nilikuta kila mtu anafunga mzigo. Kundi la watu wa Kasongo lilikuwa linapita, lina wanaume wengi, linaondoka saa ile ile, na hakuna aliyejua kama litapita lingine. Mama yako alikwisha kumfunga Mwajuma mgongoni. Mzee Lukamba alinijia, akaniuliza kuhusu mitego. Nilifungua kinywa niseme minane. Nikaona watu wananingoja, nikaona atanirudisha kijitoni au atamtuma Yohana, nikaona aibu yangu mbele yao wote. Nikamfungulia daftari.

"Yote tisa," nilisema.

Alipitisha kidole kwenye zile alama, moja moja, kama alivyopitisha ukamba kati ya vidole vyake. Alihesabu kwa Kibangubangu, polepole, mpaka tisa. Akaridhika. Akanipa mguu wa paa uliokaushwa, akaniambia nimtunze mutoto, na Yohana alitusindikiza mpaka kwenye njia kubwa akimwimbia Mwajuma.

Wiki tatu baadaye nilikuwa hapa Kasongo, sokoni, mbele ya mtu wa Wamaza aliyekuwa akiuza mahindi. Nilimwuliza habari za kwao. Alisema kwao wazima, ila Mzee Lukamba, yule mwindaji, amepata msiba. Mtoto wake alikuwa anapita njia ya ng'ambo ya kijito, anampelekea mkewe nyama, gogo la nguruwe likamshukia begani na kuingia kifuani. Aliishi siku mbili. Baba yake alimkuta pale njiani, akambeba.

Nilinunua mahindi yake. Nakumbuka nilichagua masuke makubwa. Nilirudi nyumbani, nikala, na kesho yake nilisimama mbele ya darasa la tano nikafundisha. Kwa juma zima sikumwambia mtu. Nilipomwambia mama yako, aliendelea kutwanga majani ya sombe. Alipomaliza alisema, "Hilo neno, Baba Mwajuma, si mimi wa kuambiwa."

Mwanzoni niliogopa. Miaka ile bunduki zilikuwa kila mahali na damu ilidaiwa upesi. Hofu ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikwisha, na mimi sikwenda. Baadaye ikawa aibu. Baadaye ikawa mazoea, na mazoea ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu hayaumi. Mara moja niliondoka kwa baiskeli, nikalala njiani, asubuhi nikageuza. Nilimwambia mama yako mnyororo umekatika. Mara nyingine nilimtumia Mzee kitambaa cha msiba na chumvi kwa mkono wa msafiri, na salamu za pole. Alinirudishia chupa ya asali na kunishukuru kwamba sikumsahau. Mama yako hakuigusa ile asali. Mimi niliila, kwa sababu kuiacha kungekuwa kusema kitu.

Jambo moja sikulijua. Nilidhani anajua ni wangu. Nilidhani amehesabu, ameona, na kwa upole wake amekaa kimya. Nilijificha ndani ya wazo hilo miaka mingi.

Ndipo mwaka juzi ulipokuwa ukifundisha Wamaza, wakaja wale wenye silaha, mkakimbilia msituni. Siku tisa hatukusikia habari yako. Ulipofika mlangoni hapa ulikuwa umekonda, miguu imevimba, na ulikuwa unacheka, na kitu cha kwanza ulichoniambia ni kwamba mzee mmoja aliwakuta mkila majani, akawatoa watu wote salama mpaka ng'ambo ya mto Luama, na kwamba alipokuuliza jina la baba yako alikaa chini, akakushika magoti. Ulidhani utanifurahisha. Uliniambia huyo mzee anajua kila kitu cha msitu, samaki, asali, moto, njia, anawinda kwa mbwa na nyavu, na kwamba unataka kurudi ukae naye, ujifunze, usiwe tena mtu mwenye diploma anayengoja kuokolewa. Kisha ukasema kuna kitu kimoja tu hafundishi. Vijana wakimwomba awafundishe mtego, huwaonyesha mkono wake wa kulia. Ulimwigiza sauti, unakumbuka?

"Hii mukono iliua mutoto yangu. Fundo moja nilisahau kufunga. Kama ningekuwa na daftari sawa baba yako, Yohana iko muzima leo."

Nilikuambia nakwenda kutawadha. Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka wakati wa sala ukapita.

Sasa unaelewa jinsi ilivyokuwa. Alilitazama lile gogo, akaona mkono wake mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri. Alitazama ukamba wake, umenyooka. Alikumbuka daftari langu, limekamilika. Kati ya kumbukumbu yake na maandishi yangu, alichagua maandishi yangu, akajihukumu. Akaacha kutega. Amekaa na mkono wake huo miaka yote, anakula nao, anawashika nao wajukuu.

Sikuandikii haya ili unihurumie, na ukinikasirikia utakuwa na haki, na haki hiyo haina muda wa kwisha. Nakuandikia kwa sababu kesho utakaa mbele yake kujifunza, na najua utakuwa mwanafunzi mzuri. Ndilo linalonitia hofu. Mwanafunzi mzuri hujifunza haraka namna ya kuonekana amejua. Atakutuma kutazama migono, na mmoja utakuwa ng'ambo ya maji yaliyojaa. Rudi umwambie, sikufika. Atakucheka mbele ya watu. Atakuuliza kama umeogopa maji au umeogopa chura. Vumilia kicheko, kinaumiza muda mfupi sana. Mimi ningelipa kila nilichonacho leo nichekwe siku ile.

Na atakuheshimu kwa sababu umesoma. Hilo nalo ni hatari, na hakuna aliyenionya. Watu wa kule wataamini kalamu yako kuliko macho yao. Ukiwaambia umbali, watakubali. Ukiwaambia mto utashuka kesho, watavuka. Usitumie heshima hiyo kufunika mahali ambapo miguu yako haikufika. Ujifunze pia ukamba. Omba akufundishe kuusokota, hata kama hategi, na uuvae.

Nilikuwa na mpango, na nakiri kwamba niliianza barua hii kwa mpango huo. Mzee Lukamba hajui kusoma. Nilitaka nikuombe umsomee. Ungefika, ungesalimia, ungekula, na siku ya pili au ya tatu, mkiwa peke yenu, ungeitoa karatasi hii na kumsomea kuanzia mahali pa kijito. Niliona ni jambo la adabu: maneno yangu mwenyewe, yamepangwa vizuri, hakuna lililosahauliwa. Nimeyaandika kwa uangalifu, utaona sijafuta mahali.

Lakini nimefika hapa, na nimeisoma tena, na nimeona ninachotaka kufanya. Mtu huyu nilimdanganya mara moja kwa karatasi, akaweka kidole juu yake na kuamini. Sasa nataka nimpelekee karatasi nyingine, na safari hii kidole kiwe chako. Wewe ndiwe ungeuona uso wake. Wadogo zake Yohana, ambao wakati ule walikuwa watoto na leo ni watu wazima wenye mapanga, wangekukuta wewe pale, si mimi. Mimi ningekuwa hapa Kasongo, nimeweka alama ya vema kwenye jambo ambalo sikulifikia.

Huenda ukaniambia tungoje. Ujifunze kwanza, misimu miwili ya kiangazi, kisha ndipo aambiwe. Nimeliwaza hilo pia, usidhani sikuliwaza. Anakaribia miaka themanini. Na kila kitu atakachokupa kabla ya kujua, atakuwa anampa mtoto wa mtu asiyekuwapo, yule mtu wa daftari anayemwaza. Hatakuwa anakupa wewe. Sitaki upokee kitu kwa jina hilo.

Sijui atafanya nini. Inawezekana akatufukuza, nawe ukakosa mwalimu uliyemtamani, kwa ajili yangu. Inawezekana watu wake wakanishika. Mke wa Yohana yuko hai, aliolewa tena palepale kijijini, naye ana haki ya kuuliza. Sitajibu kwa maelezo marefu. Nimejizoeza sentensi moja, nayo ina maneno manne tu: mtego ulikuwa wangu mimi. Mengine watayauliza wenyewe, nitajibu kadiri watakavyouliza, nikiwa nimekaa chini.

Mama yako nimekwisha kumwambia, kabla sijaanza ukurasa huu wa mwisho. Amechukua shati zangu mbili kutoka kwenye kamba, na sasa anazikunja.

Ukimaliza kusoma usije kwangu kwanza. Nenda leo hii, kabla ya magharibi, kwa yule motari uliyepatana naye safari ya Wamaza, umwambie kesho alete pikipiki ya pili.

Baba yako.